Wakili wa Bure wa Mume Wangu

"Rudia tena," wakili akaniambia. "Mumeo alifika nyumbani wakati gani?"

"Jua lilikuwa linazama."

"Alikuwa katika hali gani?"

"Anatetemeka."

"Vizuri sana, shemeji."

Shemeji! Mimi ni msusi, maneno ya watu nayasikia kutwa nzima, na neno likikaa vibaya nalijua. Mwanamke huyu tumekutana kwa ajili ya kesi tu. Huo ushemeji umetoka wapi? Nikamgeukia mume wangu kwenye kiti cha pembeni. Akajifanya anasoma kalenda ukutani.

"Wakili, nina swali," nikasema. "Kwa nini niseme jua linazama, wakati alifika taarifa ya habari imeshaisha?"

Wakili akavua miwani.

"Sikiliza, dada. Kumgonga yule mwenye baiskeli ni ajali, hilo tutalijibu. Kinachomponza mumeo ni kukimbia. Watu walianza kurusha mawe, na sheria haimlazimishi dereva akae apigwe. Anaweza kuondoka, ila aende moja kwa moja polisi. Sasa kati ya ajali na kuripoti kuna pengo. Wewe ndiye wa kuliziba."

"Kwenye hilo pengo alikuwa wapi?"

"Nilizunguka tu," mume wangu akasema. "Nilichanganyikiwa."

"Akisema alizunguka, anakwenda jela," wakili akadakia. "Akisema alikimbilia kwa mkewe kwa hofu, ukamshika mkono mkaenda polisi papo hapo, hakimu ataelewa. Uamuzi ni wako, shemeji."

Tulipokuwa tunashuka ngazi nikamshika mume wangu shati.

"Huyu tunamlipa nini?"

"Amejitolea. Si unakumbuka niliwahi kumfungia madirisha ya aluminiamu ofisini kwake? Ameniona fundi wa maisha magumu, akanihurumia."

"Madirisha mangapi hayo, mpaka huruma ijae namna hii?"

"Mke wangu, usianze."

Sikuanza. Nilikuwa nimeshaanza zamani.

Jioni mama mkwe akapiga simu.

"Mwanangu, alichokwambia wakili sema hichohicho. Mimi sina mtoto mwingine."

"Mama, mwanao amekwambia siku ile alikuwa wapi?"

"Mengine hayaulizwi, mwanangu. Mtoe kwanza, utamuuliza akiwa nje."

Nikakata simu. Mume wangu alikuwa bafuni, simu yake ikalia juu ya meza. Mniite mchunguzi, sijali. Ulikuwa ujumbe wa wakili. Nikasoma:

"Mkeo ana maswali mengi. Mtulize."

Mtulize! Mimi kitoto kinacholilia ziwa?

Siku moja kabla sijatoa ushahidi, polisi wakaturudishia pikapu. Wakili alikuja kutia saini, kisha akaomba lifti hadi ofisini. Gari lina milango minne. Yeye akaingia mbele bila hata kuuliza, mimi mwenye mume nikasukumwa nyuma pamoja na ngazi na makopo ya gundi. Mwenye macho haambiwi tazama.

Tulipofika, wakili akakusanya mafaili yake, akateremsha kioo, akatoa mkono nje, akafungua mlango kwa huko nje, akashuka.

"Kesho asubuhi, jamani," akasema, akaenda zake.

Mume wangu hakuondoa gari. Shingo yake ililoa jasho.

Wacha niwaeleze. Mlango ule una ugonjwa. Jumatatu ya wiki ileile ya ajali, fremu ya dirisha ilivunja kishikio cha ndani, na tangu hapo ukitaka kushuka lazima ufungulie nje. Alhamisi ajali ikatokea, usiku huohuo polisi wakalizuia gari. Mtu ambaye hajapanda gari letu siku zile mbili tatu angehangaika na ule mlango, angeuliza. Huyu mkono wake ulikwenda wenyewe.

Tulipofika nyumbani nikafunga mlango.

"Alijuaje?"

"Alijua nini?"

"Usinichezee, baba. Mlango wa gari."

"Nilimwambia. Kwenye simu."

"Mnajadili kesi ya jela, ukakumbuka na kishikio?"

Akakaa kitandani. Akajifuta uso kwa mikono miwili.

"Alikuwemo," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu madirisha."

Jamani, niliumia. Nililia kwa sauti, majirani wasikie au wasisikie. Miaka yote namchekea, namfulia mashati yenye unga wa vioo, kumbe nafua yaliyokwenda kwa mwenzangu. Nilipomaliza kulia, akili ikarudi.

"Sasa kama alikuwemo, si ndiye shahidi wako? Aliona mawe. Aje aseme."

"Hawezi. Wakili anayekutetea hawezi tena kusimama shahidi kwenye kesi hiyohiyo. Aliniambia mwenyewe, siku ile alipoomba kunitetea."

"Aliomba yeye?"

"Aliomba yeye. Ajali ilikuwa haina hata siku mbili."

Nikacheka, kicheko kibaya.

"Mwanaume mzima! Yule hakutetei. Amejificha ndani ya kesi yako, halafu ananituma mimi nikaape uongo ili asionekane. Na siku ile ulimpeleka wapi?"

"Kwake. Alilia, akasema akionekana polisi na mume wa mtu, kazi yake imekwisha. Kituo cha polisi tulikipita njiani."

"Mkakipita."

"Tulikipita. Lakini ukisema hivyo kesho, mke wangu, nimekwisha. Nakuomba. Nipige, nifukuze, lakini usinifunge."

Nililala sebuleni.

Asubuhi, kwenye benchi la nje ya mahakama, nilikaa karibu na mtu mwenye magongo mawili. Mguu wake ulikuwa na plasta hadi pajani. Alinisogezea nafasi.

"Kaa, dada. Mimi niligongwa nikiwa kwenye baiskeli. Wewe una kesi gani?"

Nikashindwa kumwambia. Mhudumu akaniita ndani, nikaapa, wakili akasimama mbele yangu na tabasamu lake.

"Shahidi, ieleze mahakama mumeo alifika nyumbani wakati gani."

"Baada ya taarifa ya habari."

Tabasamu likaondoka.

"Mheshimiwa, nadhani shahidi amechanganyikiwa. Jua lilikuwa—"

"Jua lilishazama zamani, wakili. Unajua vizuri, maana ulikuwa naye."

Watu wakaguna. Hakimu akaweka kalamu chini.

"Mama, unasema nini?"

"Nimeapa, mheshimiwa. Siku ya ajali, kiti cha mbele alikaa huyu anayeniuliza maswali. Mawe yalirushwa kweli. Lakini mume wangu alimpeleka kwanza huyu kwake, ndipo akaja kwangu, ndipo tukaenda polisi."

"Wakili, hilo ni kweli?"

"Mheshimiwa, kwa mujibu wa taratibu, wakili hawezi kuwa shahidi katika kesi ambayo—"

"Sijakuuliza taratibu. Ulikuwemo?"

Wakili akaanza kupanga karatasi zake. Alizipanga, akazipanga tena. Hakumtazama mume wangu hata mara moja, na mume wangu alikuwa akimtazama yeye tu, anasubiri. Alisubiri weee. Mwisho akasimama mwenyewe kizimbani.

"Alikuwemo, mheshimiwa. Mke wangu amesema kweli. Mtu amelala barabarani, mimi namkimbiza hawara nyumbani kwake. Polisi tulipita mbele ya geti."

Hakimu akamtoa wakili kwenye kesi, akasema suala lake litafikishwa kunakohusika. Akaahirisha shauri ili mume wangu atafute mtetezi mwingine. Wakili alipita mbele yangu amekumbatia mafaili. Ushemeji uliisha hapohapo, hakuniaga.

Nje, mume wangu akanifuata mbio.

"Mke wangu."

Sikusimama.

"Mke wangu, labda nitafungwa. Najua. Sikulaumu. Lakini kabla ya yote nataka kukuomba msamaha. Nisamehe."

Nikageuka. Nampenda mtu huyu, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Ningeweza kumkumbatia palepale, na ningeweza kumzaba kofi. Badala yake nikamwonyesha kwenye benchi, ambako yule mtu alikuwa anahangaika kuinuka kwa magongo yake.

"Anza na yule," nikamwambia. "Mimi nipo kwenye foleni, nyuma yake."