Kozi Moja, Vyuo Vitatu

Loisi alikuwa akimenya karanga tangu asubuhi. Vidole vilimuuma, lakini moyo ulimuuma zaidi. Binti yake, Anastazia, alikuwa amelala ndani. Hataki uji, hataki maneno. Majina ya waliochaguliwa kujiunga na vyuo vikuu yalikuwa yametoka. Lake halikuwamo.

"Mama Daktari!" jirani aliita kutoka njiani. "Mtoto anaondoka lini?"

Loisi aliinamia ungo. Jina hilo alipewa tangu Anastazia akiwa mdogo, akiwachoma wenzake sindano za miiba. Watu wote wa Kibakwe, mkoani Dodoma, walilizoea. Basi siku ya kuomba chuo hakuna aliyeuliza. Daktari ataomba nini tena?

Jioni alikuja mpangaji wao, Mwalimu Ikram wa sekondari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tumechoka hapa."

Anastazia alitoka, macho yamevimba.

"Uliomba wapi?" Ikram aliuliza.

"Vyuo vitatu."

"Kozi zipi?"

"Udaktari. Kote."

Ikram alivuta kigoda, akaketi. "Hapo ndipo penye shida. Umeomba mara tatu kitu kile kile, tena kinachogombewa na kila mtu."

"Lakini alama zake zinaruhusu!" Loisi alisema. "Tulisoma sifa."

"Zinaruhusu kuomba, mama. Kuchaguliwa ni jambo jingine. Nafasi ni chache, na chuo huanza na wenye alama za juu." Akamgeukia Anastazia. "Dirisha la pili la maombi limefunguliwa. Udaktari weka chuo kimoja, ukitaka. Kisha weka kozi ambazo wenye alama kama zako huchaguliwa, na moja ambayo ushindani wake ni mdogo. Ila zote ziwe unazipenda. Wewe unapenda nini?"

Anastazia aliketi kizingitini. Pengine hakuwahi kuulizwa.

"Maabara," alisema polepole. "Kutafuta ugonjwa kwenye hadubini. Shuleni walikuwa wananifukuza ndiyo nitoke." Akamtazama mama yake. "Lakini watu watasema."

Loisi alipangusa maganda mapajani. Alikuwa amechoka hata kuona aibu.

"Waache waseme. Midomo ni yao. Omba unachokitaka, mwanangu."

Majina ya awamu ya pili yalipotoka, Anastazia alikuwamo: sayansi ya maabara, hapo hapo Dodoma. Siku ya safari, Loisi alimfungia karanga za kukaanga.

"Safari njema, Mama Daktari!" jirani alipaza sauti.

"Niite Mama Anastazia," Loisi alijibu, akikaza fundo la mfuko. "Huyo ndiye niliyemzaa."