Mshika Kamba wa Ukutani

Mama alifunga mikate mitatu ya mofa na kipande cha nguru ndani ya leso, akamkabidhi Lubna. "Mpelekee nduguyo. Kisha urudi naye, akitaka asitake. Kazi hiyo siitaki."

Alasiri ilikuwa imeshainama.

Lubna alikuwa na digrii ya historia, second class upper, imefungwa plastiki isiliwe na mende, na riziki yake ilikuwa kukaanga viazi karai mbele ya lango la shule pale Faza, kisiwani Pate. Miaka sita ya kutuma maombi. Mdogo wake Taufiq alikuwa na diploma ya umeme, na hakuna aliyewahi kumlipa hata kubadilisha balbu. Wakubwa walikuja na maboti ya kasi, wakaahidi vijana wa visiwa maelfu ya ajira. Kilichopata kazi ya kudumu ni bango lao.

Kwa hiyo Taufiq alipopiga simu juzi, alikuwa anacheka kama mwehu.

"Da Lubna, nimeomoka! Kuna watu kule magofu ya Ukutani wanashona majahazi ya kizamani, yale ya kamba, bila msumari hata mmoja. I think ni movie. Wana majoho, mikuki, kila kitu. Wamenichukua palepale!"

"Wamekuuliza kitambulisho?"

"Hawana noma hao. Wameuliza jina langu na la mama, basi."

Hapo Lubna alianza kushuku. Kenya hii? Kazi isiyotaka certificate of good conduct, wala barua ya chifu, wala binamu ofisini? Na jina la mama, tangu lini likaulizwa na tajiri? Jina la mama huulizwa na wawili tu: anayekusomea talakini kaburini, na mganga.

Tangu siku hiyo simu ya Taufiq haikupatikana.

Mwenye bodaboda alimshusha mahali njia inapoingia kichakani. Hakuzima pikipiki.

"Mimi mwisho wangu hapa, dada."

"Nimekulipa mpaka Ukutani."

"Nitakurudishia nusu." Akamrudishia zote, akageuza.

Lubna akatembea. Kwanza ilimjia harufu. Harufu ya makumbi, yale maganda ya nazi yanayofukiwa kwenye tope la pwani miezi na miezi mpaka yaoze, ndipo wanawake wayatwange yatoe usumba wa kusokotea kamba. Anayeijua harufu hiyo haisahau. Ni kama yai viza ndani ya kiatu.

Lakini Ukutani hakuna mnazi hata mmoja.

Kisha akasikia kutwanga.

Pu... pu... pu...

Akatokea ufuoni, akasimama.

Wanawake. Safu kwa safu, wamekaa mchangani, wamempa mgongo, weusi tii kwa mabuibui. Mamia. Wote wanatwanga kwa pigo moja, na hakuna anayesema. Wanawake wa Pate mia mbili mahali pamoja, na hakuna anayesema! Hilo peke yake lingetosha kumrudisha mtu nyumbani.

Mbele yao, majini, vilisimama vyombo. Mitepe. Lubna aliwahi kuandika insha juu ya mitepe, akapata alama sabini na mbili: mbao zilizoshonwa kwa kamba ya usumba, tanga la mkeka. Hakuna aliye hai aliyewahi kuuona mtepe ukisafiri. Pale ilikuwapo arubaini.

Vijana walikuwa wakipakia, maji kiunoni. Mitungi ya maji. Mtama. Ngao za ngozi. Mafungu ya mishale, kama kuni. Wengine wamevaa vikoi, wengine jezi za mpira. Mmoja akageuka, Lubna akamtambua. Jamaludin wa Kizingitini.

Pilau ya matanga yake alikuwa ameila mwaka juzi.

"Mwanangu..."

Sauti ilikuwa karibu na goti lake. Bibi mmoja, amejifunika uso, amenyoosha mkono bila kugeuka. Mkononi, ncha ya kamba.

"Hebu nishikiye nta hii."

Huko visiwani, mzee akisokota kamba akakupa ncha, unashika. Huulizi. Na huiachi mpaka mwenyewe aseme, maana ukiiacha mapema kamba hurudi nyuma, ikajifumua, na kazi ya siku nzima ikaharibika. Adabu hiyo mtoto hufundishwa kabla ya kujua kufunga kiatu. Digrii yote ile, na mkono wa Lubna ukatii wenyewe.

Akashika.

Kamba ilikuwa ya moto. Ilikuwa inapumua.

"Bibi," alinong'ona, "hii kazi ya nani?"

"Ya mfalme. Ataka kuutwaa mui wa ng'ambo."

"Mfalme gani? Mji upi?"

Bibi aliendelea kusokota. "Alitutwalia wana wetu. Kula nyumba, mwana mmoya. Na sisi tukaamrishwa kamba. Usiku tukanong'onezana, tusokote mbovu. Mfalme akiona vyombo havifai, atawata vita, wana watarudi mayumbani."

"Akaacha?"

"Hakuwata."

Pu... pu... pu...

"Vyombo vilifumuka kati ya mkondo. Twaliwasikia tukiwa hapa. Kula mtu akimwita mamake." Bibi akakaza kamba. "Basi sasa twasokota njema."

"Lakini hawa si wana wenu, bibi!"

"Wetu wamekwisha. Na mfalme angali ataka watu." Akasema kwa upole, kama anayesifu mapishi ya jirani: "Wenu hawana kazi."

Siwa ikalia. Lubna alikuwa ameiona siwa kwenye kioo cha makumbusho, pembe ya kupulizwa wafalme wanapotoka, imekaa kimya na kibandiko chake. Hii ilimlilia mifupani. Vyombo vikaanza kuteleza, polepole, bila hata upepo.

Na kwenye mtepe wa tatu, Taufiq. Amesimama, mkuki mkononi, anacheka meno yote nje.

"Da Lubna! Nimepata job, sista! Mwambie Mama!"

Alifungua kinywa amwite. Sauti haikutoka. Akataka kuitupa kamba akimbie majini.

"Usiwate," alisema bibi. "Tizama."

Akatazama. Kamba ya mkononi mwake ilipita mchangani, ikaingia majini, ikapanda ubavuni mwa mtepe wa tatu. Tundu kwa tundu, ubao kwa ubao.

"Ukiwata, hufumuka. Ukishika, huenda."

Lubna alilegeza kidole kimoja. Kimoja tu.

Ubao ukafunguka. Maji yakaingia mbio. Taufiq akaanguka magoti, akaanza kuyachota kwa viganja, huku bado anacheka.

Akashika tena, kwa nguvu zake zote.

Na mtepe ukaenda. Kamba ikapita viganjani mwake, ikapita, ikapita, haina mwisho, inakata nyama. Adhana ya magharibi ilipofika kutoka mbali, kutwanga kulikoma. Wanawake hawakuwapo. Bibi hakuwapo. Lakini uzito mikononi ulikuwapo.

Wakamata kaa walimkuta asubuhi amekaa mchangani, ngumi zimefumbwa, damu imekauka mpaka viwikoni. Leso iko pembeni, mikate imeliwa na siafu. Taufiq hakuonekana. Polisi waliandika kwamba kijana ameondoka kutafuta maisha. Hawakukosea sana.

Sauti haikurudi. Siku nne Lubna hakulala, na hakufumbua viganja. Mama alimlisha uji kwa kijiko. Bi Hindu, dadake nyanya, alikuja, akazitazama zile ngumi, akajifunika mtandio usoni.

"Nyanya yenu alituapisha," alisema. "Mwanamke wa ukoo huu asisokote kamba, asishike kamba. Tulimuuliza sababu. Alilia tu." Kisha akamgeukia Mama: "Msimfumbue mikono. Tafadhali. Mimi sijui zaidi ya hapo."

Mama alimtazama mwanawe, macho yameingia ndani kama ya maiti. Mama gani angeweza kumwacha hivyo?

Siku ya tano, adhuhuri, akamleta Ryan, kijana wa bara anayefanya kazi zahanati. Mpole. Alichutama mbele ya Lubna.

"Ni stress, Mama. Mshtuko. Asipolala leo, moyo utasimama. Namchoma sindano ya usingizi, misuli italegea yenyewe."

Lubna alitikisa kichwa. Alitikisa mwili mzima, mpaka kitanda kikagonga ukuta. Machozi yalimtoka.

"Mshikilieni," alisema Ryan. "Pole, dada."

Mama ndiye aliyemshika. Alimlalia kifuani, akamsomea Ayatul Kursi sikioni, sindano ikaingia.

Usingizi ulipanda kutoka miguuni, mtamu, mzito. Alipigana nao. Kidole cha mwisho kikalegea. Kikafuata kingine. Alihisi kamba ikichomoka, shubiri... dhiraa... pima...

"Alhamdulillahi," Mama alilia kwa furaha. Alikichukua kiganja kile kilichochanika, kimekunjuka sasa kama cha mtoto mchanga, akakibusu. "Alhamdulillahi, mwanangu, umewachilia."

Kisha akainua kichwa. Akaligeukia dirisha la upande wa bahari.

"Nyamazeni," alisema. "Nani huyo aniitaye?"