Malkia wa Mlima wa Chumvi

Mtafsiri wa filamu alikuwa na aibu moja: hakujua lugha za filamu alizotafsiri. Alitazama midomo ikicheza, akatunga. Watu walivunjika mbavu kwa kicheko; yeye alitubu Ijumaa, Jumamosi akarudia.

Chumba chake cha kurekodia kilizibwa kwa magodoro. Ng'ambo ya ukuta mkewe alishona nguo za watu. Tangu wamzike mtoto wao alikuwa mkimya. Cherehani ndiyo iliyomsemea.

Ndipo ikaja filamu ile. Lo, uzuri wake! Farasi wekundu walipasua maji, ngazi za dhahabu zilipanda zisifike popote, na malkia, juu ya mlima wa chumvi, aliwasimulia wafu hadithi. Mtafsiri akataka kukoleza. Akachukua maneno ambayo mkewe alimnong'oneza siku ya msiba, akamtia malkia mdomoni:

"Sina cha kungoja. Nichukueni."

Cherehani ikanyamaza.

"Mke wangu?"

Harufu ya nywele zinazoungua ikapenya magodoro, naye akatoka mbio, akamkuta mkewe wima, macho meupe kama chumvi, akisema kwa sauti isiyo yake maneno ya malkia, yaliyorekodiwa na hata yale ambayo mume alikuwa bado kuyatunga, huku kucha zake zikichimba ukuta na vumbi jeupe likimwagika miguuni.

Shehe aliitwa. Alisoma mpaka jasho likamlowesha kanzu.

"Maneno ya nani haya?"

"Nimetunga tu, shehe."

"Kijana, usinidanganye mbele ya huyu! Anacheka!"

Mtafsiri akapiga magoti. "Ya mke wangu. Alinipa uchungu wake niutunze, nikaufanya mchezo."

"Umemfungulia mlango. Muombe mkeo radhi, kisha uyafute."

Akaomba huku akilia, akafuta. Kitu kikapiga yowe, mkewe akaanguka, akaamka akiomba maji. Alhamdulillahi!

Siku ya tatu, mchana kweupe, mtafsiri aliifungua filamu ile, aitazame mara ya mwisho tu. Mlima wa chumvi ulikuwepo. Malkia hakuwepo.

Ng'ambo ya ukuta cherehani ilikuwa ikienda kasi. Akageuka aite, na mkewe alikuwa mlangoni, kikombe cha chai mkononi.

"Nani anashona?" akanong'ona.

Mkewe akamziba mdomo.

"Usiseme neno, mume wangu. Anangoja umtungie."