Mama Vifungo na Mchezo wa Mikate

Kila asubuhi Mama Vifungo alifungua dirisha, akaifunua cherehani yake na kuanza kushona. Majirani walimpa jina hilo kwa sababu hakuwahi kutupa kifungo, hata kilichopasuka. Mumewe, mwoka mikate wa siku nyingi, alikaa kwenye meza ya pembeni. Alicheza karata kwenye kompyuta kuukuu kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulilala pajani.

Miezi minne nyuma alipata kiharusi. Mguu ulikuwa umepata nafuu, lakini mkono bado. Mtaalamu wa mazoezi hospitalini hakuwaficha kitu.

"Vidole hivi vifanye kazi kila siku," alisema. "Mkiviacha, vitakakamaa."

Akampa maharage ayaokote moja moja na kuyatia kikombeni. Mume aliyaokota siku mbili. Siku ya tatu aliyasukuma.

"Mimi nimelisha mtaa mzima mikate. Leo niokote maharage kama kuku?"

Mama Vifungo alicheka. Kisha aliingia chumbani akalia. Mkono wa mumewe ulikuwa unapotea, naye anautazama tu.

Ndipo alipopata wazo. Mume anapenda michezo ya kompyuta? Basi atamtengenezea mchezo wake. Mikate itoke kwenye tanuri, yeye aidake kwa sinia. Alimuuliza mtaalamu wa mazoezi, naye akakubali, mradi vidole vya kulia ndivyo vibonyeze.

Sasa, kuwaza ni rahisi. Mama Vifungo hakujua programu inaandikwaje. Alitazama video kwenye simu. Mtu mmoja akasema lugha fulani ya programu ndiyo yenye nguvu, kampuni kubwa zinaitumia. Akaanza hiyo. Wiki ya pili mwingine akasema hiyo imepitwa na wakati. Akahamia nyingine. Wiki ya tatu akasoma watu wakitukanana mtandaoni kuhusu zote mbili, akahamia ya tatu. Maskini, alijua mistari mitano ya kila lugha.

Kuchora ndiko kulimnogea. Alipakua programu nzito ya picha, akachora mkate mmoja. Alichora kila ufa wa ganda na kila chembe ya unga, kama mtu anayedarizi gauni la bibi harusi. Mwezi mzima ukaisha kwa mkate mmoja. Siku aliyotaka kuufungua, kompyuta iliganda.

"Umeniharibia karata zangu!" mume alilalamika.

Wakati huohuo jirani wa ghorofa ya juu aliingia kuchukua sketi yake. Huyu dada huandika programu za kompyuta kwenye ofisi ya maji.

"Shemeji, mbona sura imekunjamana?" aliuliza.

"Muulize mwenzako. Anaoka mkate kwenye kompyuta. Mwezi mzima haujaiva."

Mama Vifungo alieleza yote. Jirani hakucheka. Alivuta kiti.

"Dada, mteja akikuletea kitambaa cha gauni, unaanza na lesi?"

"Lesi? Thubutu! Naanza kupima. Nakata, napiga bandi, ile mishono ya muda, anajaribu. Lesi mwisho kabisa."

"Na hapa umeanza na nini?"

Mama Vifungo alifunika mdomo. "Yarabi! Nimeanza na lesi!"

"Haya, tupime. Mchezo ni wa picha bapa kama karata, au watu wanatembea ndani ya nyumba?"

"Bapa. Mikate na sinia tu."

"Anayeandika ni nani?"

"Mimi peke yangu. Mgeni kabisa."

"Na kompyuta?"

"Unaiona mwenyewe. Mzee mwenzangu," mume alidakia.

"Basi kazi yenyewe imeshachagua," jirani alisema. "Lugha zote ulizoanza ni nzuri, ila kila moja ina kazi yake. Wewe unahitaji lugha ambayo mgeni anaweza kuisoma na kuielewa, na yenye walimu wengi. Python itakutosha. Ina mkusanyiko wa bure wa programu za michezo uitwao Pygame. Kuonyesha picha na kujua kitufe kipi kimebonyezwa, hayo wenzetu wameshayaandika. Wewe unayaita tu."

"Na nikisikia kuna nyingine bora zaidi?"

"Usihame mpaka mchezo huu uchezeke. Video moja ya mafunzo, ifuate hadi mwisho."

"Picha je?"

"Kwa sasa usichore. Mkate uwe mraba wa njano, sinia mstari mweusi. Hiyo ndiyo bandi yako. Mchezo ukikubali, chukua programu ndogo ya kuchora kwa miraba midogo midogo. Zipo za bure, na kompyuta hii itazimudu."

Mama Vifungo alishika njia hiyo. Aliandika nusu saa kila siku kabla ya kushona. Alikosea, akarekebisha, akakosea tena. Baada ya wiki tatu miraba ya njano ikaanza kudondoka, na mstari mweusi ukaidaka.

Mume alijaribu. "Huu mkate au tofali?" alitania. Lakini hakuinuka. Alidaka kumi, kisha ishirini.

Mama Vifungo alisogea kuona. Alikuwa anabonyeza kwa mkono wa kushoto.

"Ule wa kulia unachelewesha," mume alisema bila kumtazama. "Mikate inaanguka."

Ilimuuma sana. Hata hivyo hakutafuta lugha nyingine. Kesho yake alifungua programu yake akaisoma mstari kwa mstari. Aliielewa yote, maana aliiandika mwenyewe. Aliongeza mistari miwili: sinia lisisogee mpaka kitufe kikubwa cha upande wa kulia kiwe kimeshikiliwa. Akapunguza pia kasi ya mikate.

"Sinia limegoma!" mume alipiga kelele.

"Shikilia kile cha kulia, huku ukisogeza kwa kushoto."

"Umenitega, mwanamke wewe."

"Nimekutega, ndiyo. Nautaka mkono wako."

Mume aliunyanyua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauweka juu ya kitufe. Kidole kilitetemeka, kikateleza, kikarudi. Siku hiyo alidaka mikate mitatu tu. Kesho yake sita. Alicheza kila siku, akapumzika kila alipochoka, na maharage nayo akayarudia bila kuambiwa.

Baada ya miezi miwili, miraba ilikuwa imekuwa mikate yenye rangi ya kahawia. Asubuhi moja mume alikuwa amefika mkate wa tisini na nane, rekodi yake. Mama Vifungo alimwita.

"Mume wangu, chai inapoa."

Macho yake hayakutoka kwenye sinia.

"Nakwambia chai..."

Mume alinyanyua mkono mmoja juu, kiganja wazi, kumwambia anyamaze. Mikate ikaanguka yote.

Ulikuwa mkono wa kulia.