Simu ya Kumi

Kila asubuhi msimu wa maua, Magreti hupita kwenye mikorosho yake pale Nkowe akipiga picha kwa simu. Ana mikorosho arobaini. Hana shamba lingine.

Yeye na majirani wana kikundi cha wakulima, wako tisa. Wameunganisha simu zao bila waya, kwa antena iliyo juu ya ghala lao. Simu moja haiwezi kuchunguza picha za mashamba yote, kwa hiyo simu hugawana kazi. Kisha huwaambia ni shamba lipi lipulizwe salfa leo. Ubwiriunga, ugonjwa wa unga mweupe unaokausha maua, hausubiri, na pampu ya kikundi ni moja tu.

Wiki nzima simu ilimwambia Magreti, "Salama." Siku ya nane akaona unga mweupe kwenye maua.

"Baba Teddy, njoo uone!" alimwita mumewe, Augustino.

"Mbona simu imesema salama?"

"Simu imesema! Kwani haya macho nimeazima?"

Alikata tawi, akapanda bodaboda kumfuata Bi Zuhra, afisa ugani. Walirudi pamoja hadi ghalani. Bi Zuhra akawaita wanakikundi wote, simu zao zikawekwa mezani. Alipiga picha lile tawi kwa simu ya Magreti, akaituma kwa simu zote. Majibu tisa yalisema, "Ugonjwa." Moja likasema, "Salama."

"Majibu kumi," alisema Bi Zuhra. "Nanyi mko tisa. Picha za Mama Teddy zilikuwa zinakwenda kwa huyu wa kumi. Namba yenu ya siri ya kuingia kwenye mtandao anayo nani?"

Mwenyekiti, Mzee Bakary, akaonyesha mlango. Chini ya orodha ya zamu za pampu, namba ya siri iliandikwa kwa chaki.

"Niliiandika mimi," alisema. "Mgeni akija asihangaike. Hapa kwetu kumnyima mtu ni aibu."

"Mzee wangu, siri gani hii hata mbuzi wanaisoma?"

Bi Zuhra akatuma picha tena. Simu ikalia nje ya ghala.

Nje alikuwepo Fidelis, muuza dawa ya maji ya kupuliza mikorosho, juu ya pikipiki yake. Kila asubuhi alikuwa hapo, akisalimia watu na kuwaulizia watoto. Kumbe simu yake ilikuwa inajibu "Salama" kwa kila picha, maua yaharibike, watu wakimbilie dawa yake! Nasema wazi, huo si ujanja. Ni unyama.

"Namba iko mlangoni," Fidelis alisema. "Mimi nimeiba nini?"

Magreti alimsogelea. "Na mlango wenyewe hauna kufuli. Mbona hukubeba gunia la salfa? Ulijua ungeitwa mwizi! Basi leo nakuita mwizi!"

Wakampeleka kwa mtendaji wa kijiji.

Bi Zuhra akafuta chaki kwa kitambaa. "Tukilima kwa zamu, mtu anaweza kusema amemaliza ngwe yake wakati hajaigusa," alieleza. "Mnafanyaje?"

"Tunakwenda kuiangalia," Augustino alijibu.

"Basi na simu ni hivyo hivyo. Kila picha ichunguzwe na simu tatu. Fuateni jibu lililotolewa na simu mbili au zaidi. Simu inayopinga wenzake mara kwa mara, itoeni mwichunguze. Na kila mtu awe na namba yake ya siri, si moja ya wote."

Kesho yake alfajiri pampu ilinguruma shambani kwa Magreti. Mikorosho sita ilikuwa imeshapoteza maua. Bado inamuuma. Lakini thelathini na minne ilizaa vizuri.

Wakati wa kuokota korosho, kaka yake Maximilian alikuja kutoka Nambambo. Alikula ugali, akashiba, akatoa simu.

"Dada, nipe namba niingie kwenye mtandao wenu."

Mzee Bakary alikuwa amekaa hapo. Akainamisha kichwa.

"Kaka," Magreti alisema, "chakula nimekupa, na kitanda nimekutandikia. Namba sikupi."