Tarishi Aliyeshindwa Kumnyanyua Mama Yake

Kwa miaka kumi na sita tarishi alipeleka barua na vifurushi kwa baiskeli. Asubuhi alipita ofisini kuchukua mfuko, kisha akazunguka mji mpaka alasiri. Vilima alivipanda bila kushuka. Mapaja yake yalikuwa magumu kama magogo. Mtaani walimwita Chuma. Jina hilo alilipenda, ingawa alijifanya halimhusu.

Nyumbani walikuwa watatu. Mke wake alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele kilijaa vipande vya vitambaa. Mama yake alihamia kwao baada ya kufiwa na mumewe. Alikuwa na miaka sabini na miwili. Akili yake ilikuwa nzima na ulimi wake mkali. Tatizo lilikuwa miguu. Akitaka kutoka kitini, ilimbidi ashike meza kwa mikono miwili na kujivuta.

Asubuhi moja tarishi alikuwa akijaza upepo kwenye gurudumu. Akasikia kishindo bafuni. Alimkuta mama amekaa sakafuni, nguo zimelowa, ameegemea ukuta. Mama alisema hajaumia, ila anaona aibu, na kwamba anyanyuliwe kabla baridi haijamwingia.

Tarishi aliinama, akampitishia mikono kwapani, akavuta. Mama hakunyanyuka. Akavuta tena. Mikono ikaishiwa nguvu, na mama akarudi chini polepole. Mke wake alikuja kushika upande wa pili. Sakafu ilikuwa inateleza, nusura waanguke wote watatu. Basi mke akatoka kumwita jirani.

Jirani huyo alikuwa muuza mkaa, mwanamke mfupi aliyemfikia tarishi begani. Kutwa kazi yake ilikuwa kushusha na kupanga magunia. Alimwamkia mama kwa adabu. Akamuuliza kama kichwa, nyonga au mguu vinauma, akamwomba achezeshe vidole vya miguu. Aliporidhika, alipiga goti, akamvuta mama karibu na kifua chake, akasimama naye.

Tarishi alibaki ameshika taulo.

Siku hiyo barua mbili alizipeleka kwenye nyumba zisizohusika. Swali moja lilimzunguka kichwani. Mtu anayeendesha baiskeli kutwa, anakuwaje dhaifu?

Alimuuliza kinyozi wake. Kinyozi alisema nguvu zote huanzia kwenye pumzi, kwa hiyo dawa ni kukimbia. Alimuuliza mlinzi wa pale ofisini. Mlinzi alisema kukimbia kunamaliza nyama za mwili, dawa ni kunyanyua vyuma. Akamwazima chuma chake, bomba lenye kopo la saruji kila upande. Kinyozi aliposikia alisema vyuma humkausha mtu mpaka ashindwe kujikuna mgongoni. Naye mlinzi akasema kinyozi huyo hajawahi kukimbia hata mvua.

Tarishi hakujua ashike lipi aache lipi. Akaamua kushika yote.

Jumatatu alfajiri alikimbia kama anayefukuzwa na mbwa. Mitaa mitatu tu, akakaa ukingoni mwa barabara akihema. Hilo nalo lilimchanganya. Miguu iliyopanda vilima miaka kumi na sita inashindwaje na mitaa mitatu? Jumanne alinyanyua chuma mpaka mikono ikakataa kushika kijiko. Jumatano alifanya yote mawili, kisha akaenda kazini. Alhamisi hivyo hivyo.

"Mume wangu," mke wake alimuuliza, "unajiandaa kwa nini hasa?"

Alifikiri. Kisha akarudi kwenye chuma chake.

Jumamosi goti la kulia lilikuwa limevimba. Alipoinama kufunga kamba ya kiatu, mgongo ukakaza, akabaki ameinama hivyo hivyo. Mke alimshikilia mpaka kitandani. Mkuu wa ofisi alipopata habari alituma ujumbe. Alimpa pole, lakini akasema asipoonekana ndani ya wiki mbili, mfuko wa barua atapewa mtu mwingine.

Jumatatu tarishi alikwenda hospitali akiisukuma baiskeli na kuiegemea kama mkongojo. Daktari alimpima, akaona hakuna kilichovunjika. Akamtuma chumba cha mazoezi ya viungo. Huko alimkuta mtaalamu, mwanamke wa makamo aliyevaa raba. Tarishi alitarajia vidonge. Badala yake aliambiwa aukabili ukuta, auwekee viganja, akunje viwiko mpaka kifua kiukaribie, kisha ajisukume nyuma. Alipofika mara ya nane mikono ilikuwa inatetemeka.

Alimweleza mtaalamu kisa chote, kuanzia bafuni mpaka kwenye kamba ya kiatu.

"Kaka, wewe si dhaifu," mtaalamu alisema. "Una nguvu za kazi unayoifanya. Baiskeli imekupa moyo mzuri na mapaja mazuri. Mikono na mgongo haijavifundisha kubeba. Na kamba hukatikia pabovu."

"Basi niache baiskeli?"

"Usiache."

"Nikimbie, au ninyanyue vyuma?"

"Vyote viwili."

Tarishi alishika kichwa. Alisema kinyozi kasema hivi na mlinzi kasema vile, na sasa mtaalamu naye anasema wote wako sawa. Lakini yeye mwenyewe aliwafuata wote, na ndiyo hali hii.

Mtaalamu alimjibu kuwa kila mmoja alikuwa na nusu ya ukweli. Kukimbia kunafunza moyo na mapafu, na kule kukanyaga ardhi kunaimarisha mifupa. Kunyanyua uzito kunajenga misuli ya kubeba na kuinuka. Kosa la tarishi lilikuwa kutaka mwili ujifunze kwa siku nne kile unachojifunza kwa miezi. Misuli haikui wakati wa kunyanyua, alisema. Inakua wakati wa kupumzika, na yeye hakuipa hata siku moja.

Kisha walitoka nje kuitazama baiskeli. Kiti kilikuwa chini mno, na goti lilikunjwa kupita kiasi kila mzunguko. Mtaalamu alikipandisha, akamwonyesha kwamba pedali ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjwa kidogo tu.

Maelekezo mengine alimwandikia kwenye karatasi. Asilale kutwa, atembee kidogo kidogo mpaka mgongo ulegee. Akipona, siku mbili kwa wiki akimbie polepole dakika moja, atembee mbili, arudie. Akishindwa kuongea anapokimbia, basi amezidisha mwendo. Siku nyingine mbili, zisizofuatana, afanye mazoezi ya nguvu. Akae kitini na kusimama, ajisukume ukutani, anyanyue mfuko mdogo wa mchanga kutoka juu ya kigoda. Kila zoezi mara kumi, apumzike, arudie mpaka mizunguko mitatu. Ikiwa rahisi, aongeze kidogo. Anaponyanyua akunje magoti, mgongo unyooke, mzigo ukae karibu na mwili. Misuli kuuma kidogo siku moja au mbili ni kawaida. Kiungo kikichoma, asimame. Kifua kikibana, asimame na aje hospitali mara moja.

Tarishi alikunja karatasi. Alidhani wamemaliza.

"Na mama yako," mtaalamu aliuliza, "yeye anafanya mazoezi gani?"

Tarishi alidhani hakusikia vizuri. "Mama yangu ana miaka sabini na miwili."

"Ndiyo maana nauliza. Wewe unajiandaa kumbeba akianguka. Nani anamwandaa asianguke?"

Njia nzima alilifikiria swali hilo. Alikuwa ameambiwa mambo mengi wiki ile, lakini hili ndilo lililomchanganya kuliko yote. Tangu miguu ya mama ilegee, wao walimzuia kufanya chochote. Maji walimletea, kiti walimsogezea. Walidhani wanamtunza.

Juma lililofuata mama alipelekwa hospitali. Walimpima moyo na presha, wakaona anaweza. Mtaalamu alimpa kiti imara chenye mgongo ukutani, asimame na kukaa mara tano, akiegemea mikono kidogo. Kisha ashike meza na kuinua visigino. Alimfundisha pia kuinuka kutoka chini. Ageuke kwa ubavu, apige magoti, ashike kiti, atangulize mguu mmoja, asimame. Akamwambia tarishi kwamba mtu aliyeanguka havutwi mikono.

Mama alisikiliza yote. "Nimezaa watoto sita," alisema, "leo nafundishwa kukaa na kusimama." Lakini alifanya.

Tarishi alifunga chuma cha kushikia bafuni na kuweka mkeka usioteleza. Siku ya kumi na moja tangu mgongo ukaze alirudi kazini, mfuko ukiwa bado wake. Wiki za kwanza ziliudhi. Kukimbia dakika moja na kutembea mbili kulionekana mchezo wa watoto, na mfuko wa mchanga ulikuwa mwepesi mno. Mara mbili alitaka kuzidisha. Mke wake, ambaye sasa alifanya naye mazoezi kwa sababu mgongo ulimuuma kwa kuinamia cherehani, alimnyooshea karatasi.

Mwezi wa nne wa mazoezi ulipoingia, alikimbia dakika ishirini huku akizungumza na mkewe. Goti halikuvimba tena. Kinyozi aliwaambia wateja kwamba yeye ndiye aliyemshauri. Mlinzi naye alisema hivyo hivyo. Tarishi hakuwabishia.

Jumapili moja mama alikaa sakafuni chumba cha mbele, akimchagulia mkwewe vitambaa kwa rangi. Tarishi aliingia akamwona anageuka kwa ubavu. Aliruka, akapiga goti mbele yake, mgongo wima, mikono tayari. Sasa alikuwa na nguvu za kumnyanyua, na alijua namna.

Mama alipiga magoti. Akashika kiti. Akatanguliza mguu wa kulia, akasimama. Kisha akamtazama mwanawe aliyekuwa bado chini, mikono imenyooka, hana cha kubeba.

"Nipishe, mwanangu," alisema. "Naenda kuchukua maji."