Kifurushi Kisicho na Picha

Kila Jumamosi asubuhi, kabla cherehani hazijaanza kulia, Mama alisimama katikati ya karakana yake ya ushonaji, akashika kiuno na kutangaza sheria yake: "Kisichoshonwa wala kushonea, nje!"

Hapo kazi ya binti yake ilianza. Alikuwa binti wa darasa la sita, na watu wote walimwita Kidole, kwa sababu tangu utotoni hakuna kitufe alichokiona akakiacha bila kukibonyeza. Kidole alitambaa chini ya meza, akazoa vipande vya vitambaa, bobini za uzi zilizovunjika, na karatasi za vipimo vya wateja waliokwisha kunenepa. Vyote nje. Karakana ikabaki inapumua.

Kazi yake ya pili ilikuwa kwenye kompyuta. Kando ya mashine ya kudarizi ilikaa kompyuta ya mezani, kuukuu lakini isiyo na makuu, inayotumia mfumo wa Linux. Ubavuni ilikuwa na picha ya pengwini, nembo ya mfumo huo, iliyoanza kubanduka. Mama alichora nembo za shule kwenye programu ya kudarizi, akazihamishia kwenye flashi, akaichomeka flashi kwenye mashine, na sindano ikaanza kuchora kwa uzi kana kwamba ilisomea. Lakini programu zilipohitaji kusasishwa, Mama alivua miwani na kuita, "Njoo wewe mwenye macho! Herufi hizi ndogo kama chawa."

Ndiyo maana alimpa Kidole neno la siri la kompyuta. "Ni la kusasisha tu," alimwonya. "Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Na kusikia alisikia kweli. Masikio yake hayana kosa lolote katika hadithi hii.

Jumamosi moja, Mama alikuwa na kazi kubwa. Sweta za timu ya riadha ya shule zilipangwa mezani kama matofali, zikisubiri nembo. Timu ingesafiri kesho yake kwenda mashindanoni, na mwalimu mkuu alikwisha sema, "Mama, tukizikosa asubuhi, tutaondoka na sweta tupu, na mwakani tutatafuta karakana nyingine." Mama akatoka kwenda kununua uzi wa bluu uliopungua.

Aliyeingia baada yake alikuwa Redio, rafiki wa Kidole wa dawati moja, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuwa na mahali pa kumzimia.

"Nimekuletea ule mchezo wa magari," alisema, akipunga flashi. "Kaka yangu kaupata. Magari yanaruka mito! Yanapinduka! Yanawaka moto na bado yanakwenda! Uweke haraka kabla Mama hajarudi. Mimi natumwa dukani, lakini nikirudi nataka gari jekundu."

Redio akaondoka kama alivyokuja, mdomo ukiwa bado unafanya kazi.

Kidole alijaribu kusakinisha mchezo. Kompyuta ikakataa: nafasi haitoshi. Akafungua ukurasa unaoonyesha vifurushi vyote vya programu vilivyomo ndani. Lo! Kumbe kompyuta ndogo ile ilikuwa na ukoo mkubwa kuliko wa mfalme. Vifurushi vingi vilikuwa na picha, na Kidole alivijua: cha kuandikia, cha kupigia hesabu, cha kudarizi. Lakini kimoja kilikuwa kizito, hakina picha, na jina lake lilikuwa mchanganyiko wa herufi na namba kama kikohozi. Alikibonyeza. Hakikufunguka. Akakibonyeza tena. Kimya.

"Kisichoshonwa wala kushonea," Kidole alijiambia, "nje!"

Akabonyeza *Ondoa*. Kompyuta ikamwonyesha maneno mengi, ikasema kuna vingine vitakavyoondoka pamoja nacho, ikauliza kama ana hakika. Kidole hakusoma. Aliona *Ndiyo*, na jina lake lilikuwa Kidole. Kompyuta ikataka neno la siri. Akaliandika.

Nafasi ikapatikana tele. Mchezo ukaingia. Magari yakaruka mito, yakapinduka, yakawaka moto. Kidole akacheka peke yake mpaka alipofunga mchezo na kutazama kioo. Palikuwa na kasoro. Picha ndogo ya sindano na uzi, ile ya programu ya kudarizi, haikuwapo.

Akatafuta juu. Akatafuta chini. Akazima kompyuta, akaiwasha. Pengwini wa kwenye kioo akatokea, mnene na mwenye furaha, kama asiyejua lolote. Sindano haikurudi.

"Lakini nimeondoa kile kingine!" Kidole aliiambia kompyuta. "Hiki sikukigusa!"

Alikuwa kama mtu aliyetupa kopo tupu jalalani, akarudi ndani na kukuta jiko halipo. Akataka kuirudisha programu ile, lakini bando la intaneti lilikuwa limekwisha. Akiwa bado anabonyeza hapa na pale, mlango ukalia na Mama akaingia na mafungu ya uzi wa bluu.

"Haya, tuanze," Mama alisema, akivaa miwani. Akatazama kioo. Akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena. "Mbona siioni sindano yangu?"

Kidole alifungua mdomo. Ukweli ulikuwa pale pale kwenye ulimi. Lakini kilichotoka kilikuwa kitu kingine kabisa.

"Umeme ulikatika, Mama. Ukarudi kwa kishindo. Basi… ikawa hivyo."

Mama hakugomba. Alimpigia simu fundi wa kompyuta, yule aliyemwuzia kompyuta ile. Mtaa mzima ulimwita Bisibisi, maana bisibisi haikutoka nyuma ya sikio lake hata alipokwenda kunyolewa.

"Umeme, eh?" Bisibisi alisema alipofika. "Umeme ni nyoka. Leteni kiti."

Akafungua boksi la kompyuta, akapuliza vumbi, akakohoa. Akabadilisha waya. Akapima hiki, akapima kile. Kila alichopima kilikuwa kizima, na kila alipokuta kizima alizidi kukunja uso.

"Ajabu," alisema. "Umeme unaounguza programu moja tu na kuziacha jirani zake? Huo ni umeme au fitina?"

"Labda ulikuwa umeme mdogo, mjomba," Kidole alisema.

"Mdogo ulio na macho ya kuchagua?" Bisibisi alijikuna kichwa kwa bisibisi. "Mama, mimi nimechanganyikiwa, nisikufiche. Lakini kama ni umeme kweli, basi diski imejeruhiwa. Leo imekula programu, kesho itakula kompyuta nzima. Niondoke nayo, niweke diski mpya, tuanze upya."

"Na michoro yangu ya nembo?" Mama aliuliza. "Shule zote nilizowahi kuzishonea zimo humo."

"Nitajaribu kuiokoa. Kuahidi, siahidi. Na si kazi ya leo."

Mama alitazama lile rundo la sweta. Kisha akavuta kiti karibu na dirisha, akachukua sweta ya kwanza, akatoa sindano ya mkono. Angedarizi kwa mkono, moja baada ya nyingine, na hakuna mtu pale ambaye hakujua kuwa asubuhi ingefika kabla hajafika popote.

Akaulamba uzi, akalenga tundu la sindano. Akakosa. Akalenga tena. Akakosa.

"Nitungie uzi, mwanangu," alisema kwa upole. "Bahati nzuri wewe macho yako mazima."

Kidole alipokea sindano. Akalenga, na hata yeye mwenye macho mazima akalikosa tundu. Nyuma yake, Bisibisi alikuwa ameanza kuchomoa nyaya ili abebe kompyuta.

"Mjomba, usiichukue!" Kidole alipiga kelele. "Hakuna umeme! Yaani umeme upo, haukukatika. Ni mimi. Niliondoa kifurushi ili nipate nafasi ya mchezo. Kimoja tu! Hakikuwa na picha. Sijui kwa nini na programu ya kudarizi ikaondoka. Sijui, kweli sijui!"

Akaanza kulia. Bisibisi aliweka waya chini polepole.

"Kumbe!" alisema. "Na mimi nimepuliza vumbi mpaka nina kilo nzima tumboni! Binti, mgonjwa anayeumwa jino akamwambia daktari ni goti, atatoka hospitali anachechemea na jino bado linamuuma. Nusura niitupe diski nzima!"

Kidole alimgeukia Mama, akisubiri radi. Mama alikuwa bado ameshika sweta.

"Inatengenezeka?" Mama aliuliza.

"Sasa inatengenezeka, maana sasa najua kinachouma," Bisibisi alijibu. Akairudishia kompyuta nyaya zake, akaiunganisha na intaneti ya simu yake, kisha akasogeza kiti. "Kaa hapa, Kidole. Leo vidole ni vyako, lakini macho yatangulie. Kwanza ondoa ule mchezo, upate nafasi. Kabla ya *Ndiyo*, soma kwa sauti kilichoandikwa."

Kidole akasoma huku akifuta kamasi. "Kitaondoka… mchezo wa magari. Basi. Hakuna kingine."

"Haya, bonyeza. Sasa sakinisha programu ya kudarizi. Soma."

"Itaingia programu ya kudarizi. Na pamoja nayo…" Kidole alisita. Akasogeza uso karibu na kioo. Jina lile kama kikohozi lilikuwa pale, la kwanza kabisa. "Mjomba! Ni hiki! Ndicho nilichokiondoa!"

"Ndicho programu ya kudarizi inachokitegemea. Ukikitoa, kompyuta haiwezi kuiacha ile ikining'inia hewani. Inaiondoa pia. Na ilikuambia. Ilikuandikia pale pale, ikakuuliza."

"Sikusoma," Kidole alisema.

Intaneti ilikwenda kwa mwendo wa konokono mwenye malengelenge. Mama alitazama kioo, Bisibisi alitazama simu, Kidole hakuthubutu kutazama kitu. Hatimaye picha ya sindano na uzi ikajitokeza mahali pake. Mama akaibonyeza mwenyewe. Nembo zake zote zikafunguka, hakuna hata uzi mmoja uliopungua.

"Kuondoa programu hakuondoi kazi uliyoifanya nayo," Bisibisi alieleza, akirudisha bisibisi nyuma ya sikio. "Ni kama kuuza cherehani. Nguo ulizoshona zinabaki. Lakini diski ningeitupa mimi, nguo nazo zingekwenda."

Mashine ya kudarizi ikaanza kulia. Redio aliporudi kudai gari lake jekundu, alipewa rundo la sweta akunje, na kwa mara ya kwanza maishani akakosa la kusema kwa muda wa kukunja sweta moja nzima. Jioni jua halijazama, sweta ya mwisho ilikuwa na nembo, na asubuhi yake mwalimu mkuu akazichukua zote akishukuru.

Mwalimu alipokwisha kuondoka, Mama alitoa koti lake jeusi kabatini, akaligeuza ndani nje, akampa Kidole mkasi wa kufumulia.

"Hii bitana ya ndani haionekani," alisema. "Haina mfuko, haina kifungo. Hakuna mtu aliyewahi kuisifu. Ifumue, tuitupe."

Kidole aliitazama ile bitana. Akavuta kidogo, akaona mabega ya koti yanafuatana nayo, kola inajikunja, mfuko unalegea.

"Koti litaharibika, Mama."

"Ehee." Mama akamnyang'anya mkasi. "Sheria yangu ya Jumamosi ilikuwa na tundu, na wewe ukapita humo. Kuanzia leo tunaongeza: usichokijua, uliza kabla ya kukitupa. Na ukiulizwa, soma swali kabla ya kujibu ndiyo. Lakini hilo ni kosa la mkono, mwanangu, hata mimi nimewahi kukata mkono wa shati badala ya kitambaa. Lililonikera ni ule umeme wako. Kosa lako lilitunyima programu moja. Uongo wako nusura utunyime kila kitu, maana ulimtuma fundi mzima kutibu goti."

"Nisamehe, Mama. Utabadilisha neno la siri?"

Mama alifikiri. "Sibadilishi. Aliyeungua na pasi ndiye anayejua pa kuishika. Ila utafagia nyuzi mwezi mzima, na huyo Redio wako atakusaidia."

Jumamosi iliyofuata kompyuta ilitaka kusasishwa. Kidole alikaa mbele ya kioo, kidole chake kikiwa juu ya kitufe, akaanza kusoma kwa sauti, jina baada ya jina, mpaka Mama akasimamisha cherehani yake.

"Hebu rudia hicho cha tatu," Mama alisema. "Sikukisikia vizuri."

Kidole akarudia, neno kwa neno. Ndipo Mama akaitikia kwa kichwa, na ndipo Kidole akabonyeza *Ndiyo*.